Ukakasi wa Gome la Mkandaa

Msimu wa korosho ukifika Kibiti, watoto huonywa mapema: bibo haliliwi na mtu aliyevaa sare ya shule. Tone moja la maji yake likidondokea shati jeupe huacha doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni wala kwa jua. Anayeling'ata hupata kwanza utamu na harufu kali, kisha, kabla hajameza, mate hukauka, ulimi hukwaruza kama umepakwa chaki na mashavu hujikunja kwa ndani. Kiswahili kina neno la hali hiyo: ukakasi. Umo pia kwenye ndizi mbichi, zambarau changa, na chai ya rangi iliyosahaulika jikoni hadi ikageuka nyeusi.

Kinachouleta ni tanini, kundi la kemikali ambazo mimea hujitengenezea ili kujihami dhidi ya wadudu, kuvu na wanyama wala majani. Tanini hushikamana na protini. Mdomoni hunasa protini za mate zinazolainisha ulimi, ndiyo maana kinywa hukauka. Ikikutana na ngozi mbichi ya ng'ombe, huzifunga pamoja protini za ngozi hiyo hata zisioze, na ngozi ikafaa kuwa kiatu, mkanda au tandiko. Kisha, katika miongo ya karibuni, tanini na jamaa zake wa ukoo wa polifenoli zimepelekwa maabara kupimwa kwa kazi nyingine kabisa: kulinda ini lisiunguzwe na sumu za viwandani na mashambani.

Mahali pazuri pa kuisoma historia hiyo ni kando ya Mto Rufiji, kuanzia Mloka kwenda chini.

Mto hupita Mloka ukiwa bado mto mmoja. Kijiji kipo ukingo wa kaskazini, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na wageni wengi hukijua kama mahali pa kulala kabla ya kwenda kutazama tembo. Maji yanayopita hapo yametoka mbali: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, bonde lenye kilometa za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Yamepita kwenye mpunga wa Usangu na kwenye miwa ya Kilombero. Kilichooshwa huko juu, udongo na vingine vilivyochanganyika nao, hupita mbele ya Mloka kikielekea Utete, kikapita chini ya Daraja la Mkapa pale Ndundu, kisha mto hugawanyika vijito vijito na kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia.

Kwenye vijito hivyo, ambako leo ni Wilaya ya Kibiti, ndipo lilipo pori kubwa kuliko yote la mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Mgeni huona ukuta mmoja wa kijani. Mtu wa delta huona miti tofauti, kila mmoja na jina lake na kazi yake: mchu unaostahimili chumvi nyingi, mlilana unaotangulia mbele ya wengine kwenye tope la bahari, mkomafi wenye tunda kubwa kama mpira, msikundazi, kikandaa, msinzi, mkoko wenyewe wenye mizizi ya kupinda kama miguu ya buibui, na mkandaa.

Mkandaa ndio mti wa ukakasi. Gome lake kwa nje ni la kijivu na halivutii. Likichubuliwa, upande wa ndani hutokea wekundu unaozidi kukolea kadiri hewa inavyolipiga. Likipondwa na kulowekwa, maji huwa mekundu ya damu ya mzee, na mikono ya mpondaji hubaki na rangi hiyo kwa siku kadhaa. Kabla ya nailoni kuingia, wavuvi wa pwani walizitia nyavu na mishipi yao kwenye maji ya magome ya mikoko, kwa sababu uzi wa pamba au wa katani ukikaa baharini bila rangi hiyo huoza upesi. Mkeka wa miyaa na chungu cha udongo vilipambwa kwa rangi ileile. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua jina la kemikali. Ilijulikana tu kwamba kilichokunywa maji ya mkandaa hudumu.

Ukakasi huohuo uliifanya miti ya Rufiji isafiri. Mchwa hawapendi mti wenye tanini nyingi, na huko Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi kavu zisizo na miti mirefu, nguzo isiyoliwa na mchwa ilikuwa mali. Tangu karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa mbao zilizotoka nchi ya Zanj. Karne nyingi baadaye majahazi bado yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakarudi na kusi yamejaa miti. Biashara hiyo ilikuwa na lugha yake: fito, pau, mazio na boriti, kwa kufuata unene, na hesabu haikuwa ya mti mmoja mmoja bali ya korja, miti 20 kwa mara moja. Vyumba vya nyumba kongwe za Lamu, Unguja na Muskati ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo. Upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti, basi.

Wajerumani walipolikalia eneo hili, waliona zaidi ya boriti. Viwanda vya ngozi vya Ulaya vilikuwa na njaa ya tanini. Misitu ya mialoni haikutosha tena kuwapatia viatu wanajeshi na wafanyakazi wa viwandani, wala mikanda mipana ya ngozi iliyoendesha mashine za enzi ile. Gome la mkoko na la mkandaa, ambalo theluthi yake nzima huweza kuwa tanini, lilikuwa hazina. Mwaka 1898 serikali ya kikoloni iliiweka mikoko ya delta chini ya himaya yake, hatua iliyotangulia hifadhi nyingi za misitu katika koloni lile. Ofisi ya misitu ilikaa Salale, ndani kabisa ya vijito, na mwaka 1904 bwana misitu Karl Grass alichapisha takwimu za pori hilo. Watu waliokuwa wakikata boriti bila kumwomba mtu sasa walihitaji kibali na kulipa ushuru. Magome yalibanduliwa, yakaanikwa juani, yakafungwa mizigo na kupakiwa melini.

Wakati magome yanapakiwa, juu ya delta, kwenye bonde na vilima vya Matumbi, mkoloni alikuwa akilazimisha zao jingine: pamba. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kinga dhidi ya risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Dawa yake, kama simulizi nyingi zinavyoeleza, ilikuwa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Vita viliisha mwaka 1907. Pamba ilirudi, na itarudi tena katika habari hii.

Biashara ya magome ilikatwa na vita vingine. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikakimbilia kwenye vijito vya Rufiji. Mabaharia waliifunika kwa matawi ili isionekane kutoka baharini na angani. Waingereza waliziba midomo ya mto, wakaleta ndege na meli za kina kifupi, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilizamishwa na wenyewe baada ya kuharibiwa vibaya kwa mizinga. Kwa kuwa bahari ilikuwa imefungwa, hakuna gome lililokwenda Ulaya, wala kiatu kilichokuja kutoka huko. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck likajishonea viatu kwa ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini, na dawa ya kuzilainisha ilitoka kwenye mikoko.

Amani iliporudi, soko lilikuwa limepata wapenzi wapya. Tanini ya mkoko huipa ngozi wekundu mzito ambao wanunuzi wengi hawakuutaka. Mti wa kebracho wa Argentina na Paraguay ulitoa dawa nyepesi zaidi. Miwati, iliyotoka Australia na kuenezwa Natal na Kenya, ilipandwa kwa mistari shambani, ikavunwa bila mtu kuzama topeni. Tanzania yenyewe ilipata kampuni ya miwati Njombe mwaka 1949, mamia ya kilometa kutoka Salale.

Lakini aliyemaliza kazi hakuwa mti. Mwaka 1884 Augustus Schultz, mkemia wa New York, alipata hataza ya kutengeneza ngozi kwa chumvi za kromiamu. Gome lilihitaji wiki, wakati mwingine miezi, ngozi ikilala mashimoni. Kromiamu ilihitaji siku chache, ikatoa ngozi laini, nyepesi, isiyoogopa maji moto. Leo zaidi ya asilimia 80 ya ngozi ya dunia hutengenezwa kwa njia hiyo.

Gharama yake ilikaa kwenye maji. Kromiamu ya viwanda vya ngozi kwa kawaida ni ya aina ya tatu, isiyo kali sana. Katika hali fulani, kwa mfano taka zikichomwa au zikikutana na vioksidishaji vikali, hugeuka kuwa aina ya sita, ambayo husababisha saratani ya mapafu kwa wanaoivuta kazini na huumiza figo na ini. Mtaa wa Hazaribagh jijini Dhaka, Bangladesh, ulikuwa na viwanda vya ngozi vilivyomwaga maji machafu mtoni kwa miongo mingi, hadi vilipohamishiwa Savar mwaka 2017. Hivyo ukakasi wa mti uliondolewa kiwandani, nafasi yake ikashikwa na metali, na watafiti walipoanza kutafuta cha kupunguza makali ya metali hiyo mwilini, wengi wao waliurudia ukakasi.

Ili kuona sababu, ni lazima kulitazama ini likiwa kazini. Waswahili humwambia aliyewavunja moyo kwamba amewakata maini, kana kwamba humo ndimo nguvu za mtu zilimo, na kwa kazi za kemia hawako mbali na ukweli. Damu iliyobeba chakula kutoka utumbo hupitia ini kabla ya kufika kwingine. Dawa, pombe, viuadudu, sumu ya kuvu wa mahindi, vyote hufika hapo. Ini huvibadilisha ili viyeyuke na kutolewa kwa mkojo au nyongo, na katika kubadilisha huko mara nyingine huzaliwa kitu kibaya kuliko kilichoingia. Kaboni tetrakloridi, kimiminika kilichotumika zamani kusafishia nguo na kuzimia moto, chenyewe si kikali sana. Ini likikigusa, hukivunja na kutoa radikali huru, molekuli iliyopungukiwa elektroni na isiyotulia hadi ipore ya jirani. Jirani naye hupora wa pili, na mafuta yaliyomo kwenye kuta za seli huchacha kama mafuta ya nazi yaliyoachwa wazi. Seli hupasuka. Kromiamu ya aina ya sita hufuata njia inayofanana: ikiingia ndani ya seli hupunguzwa hatua kwa hatua, na kila hatua huacha nyuma yake radikali za oksijeni.

Antioksidanti ni kitu kinachotoa elektroni yake kwa hiari na kuusimamisha mnyororo huo bila chenyewe kugeuka mporaji. Mwili una za kwake, na mimea imejaa nyingine: vitamini C ya ubuyu, uchachu wa ukwaju na ukakasi wa bibo huja pamoja nazo. Tanini ina mikono mingi ya kutoa elektroni, na mikono hiyohiyo ndiyo inayonasa protini za ulimi na za ngozi ya ng'ombe. Aidha hushika metali kama chuma na kromiamu.

Mmea uliofika mbali zaidi katika safari hii si wa Rufiji. Ni mmea wa miiba wa nchi za Mediterania, Silybum marianum, ambao mbegu zake zilitumiwa kwa maradhi ya ini tangu kale. Mwaka 1968 watafiti wa Munich walitenga kutoka kwenye mbegu hizo mchanganyiko ulioitwa silimarini, na sehemu yake moja sasa hupewa kwa sindano hospitalini Ulaya kwa watu waliokula uyoga wa sumu aina ya Amanita phalloides. Tangu hapo silimarini imekuwa kipimo: anayedai mmea wake unalinda ini huwekwa nayo bega kwa bega.

Mikoko ilifikishwa kwenye mizani hiyo na watafiti wa pwani ya Tamil Nadu, kusini mwa India. Mwaka 2011 walichapisha matokeo ya majani ya kikandaa, mti uleule unaomea pembezoni mwa delta ya Rufiji. Panya waliopewa kaboni tetrakloridi pamoja na dondoo la majani hayo walikuwa na vimeng'enya vichache vya ini vilivyovuja kwenye damu kuliko panya waliopewa sumu peke yake. Utafiti wa aina hiyo umefanywa pia kwa ubuyu: mwaka 2003 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba unga wake ulipunguza madhara ya sumu ileile kwa panya.

Panya si mtu, na ndipo habari nyingi za sokoni zinapoteleza. Panya hupewa dondoo lililokolezwa, kwa vipimo vikubwa, kabla ya sumu au siku ileile, kisha hupasuliwa baada ya siku chache. Mkulima hupuliza viuatilifu miaka 20. Hakuna jaribio la binadamu lililoonyesha kwamba kunywa maji ya gome la mkandaa humwondolea mtu sumu iliyokwisha kuingia. Na ukakasi ukizidi una ubaya wake, maana huzuia mwili kunyonya chuma kutoka kwenye chakula. Hata chai ya kijani, kinywaji cha mamilioni ya watu, ikikolezwa ikawa vidonge hugeuka: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za polifenoli yake kuu huweza kuleta dalili za kuumia kwa ini. Afrika Kusini, mzizi wa impila, unaotumiwa kama dawa, umewaua watu kwa kuliharibu ini lao.

Tanzania ilijenga mapema mahali pa kuyapima mambo hayo. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Kutoka kwa mganga hadi kwa mkemia njia ipo, ingawa dawa nyingi zinazouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika hazijawahi kuipita.

Sasa pamba inarudi. Baada ya uhuru, pamba na mazao mengine ya Tanzania yalipulizwa DDT na endosulfani, na shehena zilizokwisha muda wake zilibaki maghalani na mashambani. Vikuge, Kibaha, katika mkoa uleule wa Pwani ilimo delta, viuatilifu chakavu vilivyoletwa mwaka 1986 viliachwa hadi vikaingia ardhini. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliibana DDT, ikabaki kwa vita dhidi ya malaria. Lakini DDT haiozi haraka. Hukaa kwenye tope na kwenye mafuta ya samaki, na ndani ya mwili huhifadhiwa kwenye mafuta ya mtu, huku ini likishughulika nayo kwa miaka.

Katika delta, DDT ilikuwa na kazi yake ya pekee. Wakulima walifyeka mikoko upande wa kaskazini, ambako maji ya mto husukuma chumvi nyuma, wakapanda mpunga. Adui wa mche mchanga wa mpunga ni kaa, anayeukata usiku kwenye usawa wa tope. Taarifa za watafiti wa mazingira ziliitaja DDT miongoni mwa sumu zilizotumika dhidi yake, na wanakemia waliochota tope na maji ya delta wamekuta mabaki ya viuatilifu vya ukoo huo. Mikoko iliyobaki ilifanya inachofanya siku zote: mizizi yake hupunguza mwendo wa maji, udongo hutulia, na metali na sumu zilizong'ang'ania udongo hubaki chini badala ya kwenda kwenye matumbawe ya Mafia. Ukataji ulipigwa marufuku mwaka 1987, na mwaka 1991 mwanasayansi wa bahari Adelaida Semesi alikamilisha mpango wa kuisimamia mikoko ya Tanzania Bara yote.

Mloka nako mambo yamebadilika. Juu ya kijiji, mtoni, lipo Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Sehemu ya udongo uliokuwa ukiteremka kulisha delta sasa hutua bwawani. Aprili 2024 mvua kubwa zilifurisha mto, mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zikazama, na maji ya kahawia yakapita tena kama zamani, yakishuka hadi Salale.

Huko chini, bamvua likipwa, majani ya mkandaa yaliyoanguka hulala juu ya tope, na vidimbwi vinavyoyazunguka vina rangi ya chai ya rangi. Kaa hutoka shimoni, hushika jani moja kwa gando, hulivuta kinyumenyume. Halili hapohapo. Huliingiza ndani ya shimo, hutokeza tena, hushika la pili.